Wasifu wa marehemu mhandisi: namna ya kuuandaa, kuanzia sanduku la vyeti mpaka kipaza sauti

Kwenye misiba mingi ya Tabora, iwe Isevya, Cheyo au Kiloleni, wasifu wa marehemu husomwa kwa dakika tano au sita kabla ya salamu za rambirambi. Mara nyingi huwa umeandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mtu mmoja, kwenye simu, kwa kukumbuka. Ndiyo maana wasifu unafanana: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akastaafu, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Mzee aliyeshughulika miaka thelathini na zaidi kuhakikisha treni ya Kigoma inapita salama mvua ikinyesha anaagwa kwa maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote. Inauma, kwa sababu vitu vya kumwelezea vizuri huwa vipo ndani ya nyumba hiyohiyo, vimefungiwa kwenye sanduku chini ya kitanda.

Tumechukua mhandisi wa reli kuwa mfano kwa sababu Tabora ni mji wa reli. Njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zinaachania hapa, chuo cha reli kiko hapa, na wazee wengi wa reli walipostaafu walijenga hapahapa. Kwa mhandisi wa maji, wa umeme, au wa meli kule Kigoma, kazi ni ileile. Majina ya vyeo na ya mashirika ndiyo yatabadilika.

Siku ya kwanza: mgawane kazi

Kikao cha kwanza cha ukoo kinapopanga kamati ya chakula, usafiri na kaburi, kitaje pia nani anaandika wasifu, na kila mtu asikie. Msipofanya hivyo, ikifika jioni ya pili kutakuwa na wasifu tatu: wa upande wa baba, wa watoto walioko Dar es Salaam, na wa wafanyakazi wenzake. Kisha mtaanza kuvutana usiku, mwili ukiwa unasubiriwa asubuhi.

Wanatosha watu watatu. Mmoja anaandika. Mmoja anakaa na vyeti. Mmoja anapiga simu kwa wazee wa kazini na ndugu wa mbali. Mwandishi asiwe mjane wala mtoto wa kwanza, maana hao wana mzigo wao na wataitwa kila dakika tano. Mpwa, mkwe au mtoto wa kaka aliyezoea kuandika anafaa zaidi. Mjane aulizwe na asomewe, lakini kalamu ashike mwingine.

Kwa familia ya Kikristo inayosubiri ndugu wanaokuja kwa treni au basi, mna siku mbili au tatu. Kwa familia ya Kiislamu maziko hayasubiri, kwa hiyo siku ile yatatosha maelezo ya dakika moja au mbili: jina, ukoo, umri, kazi, aliowaacha, na deni kama lipo, mwenye kudai ajue amfuate nani. Wasifu kamili usomwe kwenye hitma au arobaini, na siku hizo zitumieni vizuri kukusanya habari.

Sanduku

Wahandisi wa kizazi hicho walitunza karatasi. Tafuteni faili la kadibodi lenye kamba, bahasha za kaki, shajara za kazini, na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Vinavyotakiwa ni barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo na za uhamisho, vyeti vya mafunzo, cheti cha usajili cha Bodi ya Usajili wa Wahandisi, vitambulisho vya kazi, barua ya kustaafu, cheti cha ndoa, na cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa.

Barua za uhamisho zina thamani kuliko vyeti vyote. Cheti kinasema alifaulu mwaka fulani. Barua ya uhamisho inasema alikuwa wapi, kuanzia tarehe ipi, kwa cheo gani, na mara nyingi alimpokea nani. Ukizipanga kwa tarehe, umepata uti wa mgongo wa maisha yake ya kazi. Zipange sakafuni kwenye mkeka, ya zamani kushoto, kisha upige picha moja ya mkeka mzima kabla mtu hajaanza kuzivuruga.

Karatasi zilizoliwa na mchwa zisikung'utwe hewani. Lazeni juu ya gazeti safi, mpige picha kwanza, halafu mfagie udongo taratibu kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Na msikubali mtu apeleke vyeti asilia kulaminetiwa "ili visiharibike". Ile plastiki huyeyushwa kwa moto ikashikana na karatasi, na kuitoa bila kuchana haiwezekani. Cheti kikae kwenye mfuko wa plastiki uliolegea ndani ya faili.

Tarehe zilizoandikwa kwa tarakimu, kama 3/5/1971, zisomeni kwa siku kwanza, maana huo ndio utaratibu wa ofisi zetu. Tahadhari ni kwa vyeti vya mafunzo ya nje, hasa vya Marekani, ambako mwezi hutangulia.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa: wazee wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, wakakadiriwa mwaka walipoanza shule au kazi. Mkikuta cheti cha ubatizo kinasema 1946 na barua ya ajira inasema 1948, msikae kubishana. Kwenye wasifu andikeni mwaka unaoonekana kwenye kitambulisho cha taifa, maana ndio utakaotumika kwenye cheti cha kifo na kwenye mafao ya mjane. Jina nalo liwe hivyohivyo, herufi kwa herufi. Mzee aliyeajiriwa kwa jina la ukoo na kufa akijulikana kwa jina la ubatizo huwaletea warithi safari za kwenda kuapa hati ya kiapo cha majina. Jina la mtaani, la utani au la kazini liandikwe baada ya jina kamili: "maarufu kama…".

Majina ya mashirika na miaka yake

Hapa ndipo wasifu wa watu wa reli hukosewa zaidi. Mtoto anaandika "aliajiriwa TRC mwaka 1968", na wazee waliokaa chini ya mwembe wanatazamana. Mwaka 1968 shirika hilo halikuwepo.

Reli yenyewe ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 enzi za Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Kwa wasifu, muhimu ni mfululizo wa waajiri. Kuanzia 1948 reli za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliendeshwa pamoja na bandari chini ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, likabaki Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ndipo likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, yaani TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukaenda kwa kampuni ya TRL (Tanzania Railways Limited), na kwa sheria ya mwaka 2017 TRC ikarudi. Mzee aliyeajiriwa 1968 na kustaafu 2003 amefanya kazi chini ya majina matatu bila kuhama nyumba. Liandikeni hivyo, linaeleza mengi kuhusu aliyoyapitia.

Meli za Ziwa Tanganyika, pamoja na MV Liemba, zilikuwa chini ya idara ya meli ya shirika la reli mpaka ilipoundwa kampuni ya huduma za meli mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mhandisi wa mitambo aliyehudumu kwenye Liemba mwaka 1985 alikuwa mtu wa TRC. Familia za Kigoma hukosea sana hapa.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni kitu kingine kabisa. Haipiti Tabora, mwajiri wake ni mwingine, na upana wa njia yake ni milimita 1,067, wakati Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000 na ile mpya ya kisasa, SGR, ni 1,435. Mkiandika kwamba baba "alijenga reli ya TAZARA hapa Tabora", mliyoyaandika yote yataanza kutiliwa shaka.

Elimu nayo ipimeni hivyohivyo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Kabla ya hapo aliyetaka shahada ya uhandisi Afrika Mashariki alikwenda Nairobi, au nje kabisa. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilianza mwaka 1957, na jina la Taasisi ya Teknolojia likaja 1997. Mkiambiwa "alipata shahada Dar mwaka 1969", rudini kwenye sanduku. Inawezekana ilikuwa stashahada ya Chuo cha Ufundi, na hiyo haimpunguzii kitu.

Cheo kisipandishwe kwa mapenzi. Fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi ni ngazi tatu tofauti, na wenzake waliopo msibani wanazijua. Mtu aliyeanza kama mwanafunzi wa ufundi karakana, akawa fundi mchundo, akasoma usiku, akawa fundi sanifu, na miaka kumi na mitano baadaye akasajiliwa kuwa mhandisi ana historia nzito kuliko ya aliyeanzia juu. Ukimwita mhandisi tangu siku ya kwanza umemfutia ngazi zote alizopanda. Ufupisho wa "Mha." mbele ya jina uandikwe pale cheti cha usajili kipo.

Simu kwa wazee wa kazini

Tafuteni watu watatu: mmoja aliyekuwa juu yake, mmoja aliyelingana naye, na mmoja aliyekuwa chini yake. Huyu wa tatu ndiye wa maana zaidi. Mnyapara wa genge la wafanyakazi wa njia, dereva wa kiberenge (kile kigari cha kukagulia reli) au karani wa stoo ataeleza mzee alivyokuwa mambo yalipoharibika, na hapo ndipo tabia ya mhandisi inapoonekana.

Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "alikuwa mtu mzuri sana", na simu imeisha. Uliza vitu vinavyoshikika. Alisimamia njia kutoka stesheni gani mpaka gani? Genge lake lilikuwa na watu wangapi? Mvua kubwa ikikata tuta, aliamshwaje, na alifika kwa usafiri gani? Kuna daraja, kalvati, kisima au nyumba ya stesheni ambayo watu wanasema "hii ni ya fulani"? Ni jambo gani alilolikataa hata mkubwa akisisitiza? Swali hili la mwisho huleta majibu mazuri kuliko yote, kwa sababu mhandisi wa njia analo jambo analolikataa. Hatafungua njia ambayo hajaikanyaga mwenyewe kwa miguu, au hataruhusu treni kupita kwa mwendo wa kawaida mahali palipowekwa kokoto jana.

Mzee asipokumbuka mwaka, mpe kamba ya kushika: Ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, 1967? Jumuiya ilikuwa imeshavunjika, 1977? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979? Ilikuwa kabla ya mvua za El Nino za 1997 na 1998? Mwalimu alikuwa hai, yaani kabla ya Oktoba 1999? Mvua zilizofunga njia Kilosa na Gulwe mwanzoni mwa 2010? Swali moja la namna hii huokoa robo saa ya kubahatisha.

Kama mnarekodi kwa simu, ombeni ruhusa kwanza, kisha tumieni simu ya pili na muiweke kwenye hali ya ndege. Wakati wa msiba simu hazinyamazi, na kwenye simu nyingi ikiingia moja rekodi hukatika bila nyinyi kujua. Dakika ishirini kwa mtu mmoja zinatosha, mzee naye ana majonzi yake. Mwisho wa rekodi tajeni kwa sauti jina la msemaji, tarehe na mahali.

Nyumbani

Kwa mtu aliyeipenda familia yake, sehemu hii inataka uangalifu kuliko ya kazi, kwa sababu haina barua. Maneno "baba mlezi, mwenye upendo na mshauri" yapo kwenye kila wasifu na hayamwonyeshi mtu yeyote. Kila mtoto na kila mjukuu aliyekwishajua kusoma aombwe vitu viwili kwenye kipande cha karatasi: kitu kimoja kinachoshikika kilichokuwa cha baba, na saa fulani ya siku inayomkumbusha baba. Kitu na saa. Mnapokea karatasi kumi, mnaondoka na tatu au nne zilizo hai.

Yatakuja mambo kama haya: rula ya chuma iliyokaa mfuko wa shati hata kanisani. Saa 12 jioni alipozunguka nyumba kukagua kila bawaba. Kapu la migebuka mikavu aliloshuka nalo akitoka Kigoma, limefungwa kwa waya uleule wa karakana. Daftari la mahudhurio la watoto shuleni, amelichora mistari kama jedwali la treni. Jambo likitajwa na watoto wawili ambao hawakuonana, liingie bila kujadili.

Msisahau uhamisho ulivyoigusa nyumba. Mhandisi wa njia alihamishwa, na mke ndiye aliyefunga mizigo kwenye behewa, akaanza upya shamba la mahindi Urambo, kisha Kaliua, kisha Uvinza. Watoto walibadilisha shule katikati ya mwaka. Muulizeni mjane nyumba ipi aliipenda na ipi ilimtesa. Wasifu unaomtaja mama kwa mstari mmoja wa "alifunga ndoa na…" umemsahau mtu aliyeifanya kazi hiyo iwezekane.

Sasa hesabu ya watoto, na hapa nendeni polepole. Idadi iafikiwe kwenye kikao, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kabla haijaandikwa. Watoto wote watajwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila kuweka alama ya nani ni wa mama yupi, isipokuwa wenyewe wametaka. Waliotangulia mbele ya haki watajwe kuwa wametangulia. Kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na baba alimtambua? Ajumuishwe, kwa sababu atakuwa amesimama pale kaburini akisikiliza kama jina lake litatajwa. Kikao kikishindwa kuafikiana, andikeni "ameacha watoto, wajukuu na vitukuu" bila namba, kuliko kusoma namba itakayozua zogo mbele ya jeneza. Mali isitajwe hata kidogo. Nyumba, shamba na mafao vina mahali pake: muhtasari wa kikao cha ukoo na msimamizi wa mirathi mahakamani.

Ugonjwa wa mwisho uwe sentensi mbili, na mjane ndiye aamue kama jina la ugonjwa litajwe. Malalamiko kuhusu matibabu yasiingie. Shukrani kwa waliomuuguza ziingie.

Wakati wa kufariki nao huchanganywa mno. Karatasi ya hospitali ikisema 02:10 ya Jumanne, kwa kauli yetu ni saa 8:10 usiku wa kuamkia Jumanne. Aliyeandika "Jumatatu usiku" amekosea tarehe kwa siku nzima, na kosa hilo huhamia kwenye msalaba na kwenye kaburi.

Kuandika

Lengo ni maneno 550 hadi 600. Mtu akisoma kwa kipaza sauti bila haraka husoma kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo hayo ni dakika sita. Zaidi ya hapo watu waliokaa juani wanaanza kunong'ona. Kuzaliwa na elimu zipewe maneno 100, kazi 200, nyumba 200, na yanayobaki yawe ya imani, jamii, ugonjwa, shukrani na dua.

Msiitenge kazi na nyumba kama vyumba viwili. Aya nzuri huanzia kazini ikaishia nyumbani. Huu ni mfano wa kuonyesha umbo, siyo wa kunakili:

"Mwaka 1979 alihamishiwa Kaliua kusimamia sehemu ya njia inayokwenda Mpanda. Magenge yake yalibadilisha mataruma yanayobeba reli, yaliongeza kokoto na kukaza vyuma vinavyounga reli. Joto la Oktoba linatanua chuma, na njia isiyoshikwa vizuri na kokoto hupinda kama kamba; kwa hiyo mwezi huo alitoka na kiberenge saa 8 mchana, wakati wengine wamejificha kivulini, kuangalia kama kuna mahali pameanza kuinama. Jioni alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye soksi, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyeruhusiwa kumvua viatu."

Angalieni kilichofanyika. Kila kazi imeelezwa pamoja na sababu yake, kwa maneno ambayo bibi aliyetoka Sikonge anaelewa. Hakuna sifa hata moja, lakini msikilizaji ameshajua kwamba mtu huyu alikuwa mwangalifu na alipendwa. Mkiona neno "miundombinu" kwenye rasimu, lifuteni na muweke kitu chenyewe: tuta, daraja, taruma, pointi, tangi la maji.

Ajali zitajwe kwa heshima. Kama alikuwa kwenye kazi ya uokoaji, sema alikuwepo na alifanya nini, uishie hapo. Huenda kwenye umati yupo aliyepoteza ndugu kwenye treni hiyohiyo.

Rasimu isomewe watu wawili kabla ya kuchapwa: mjane, na mfanyakazi mwenzake mmoja. Mjane anasikiliza majina ya watu na utu wake. Mwenzake anasikiliza vyeo, miaka na stesheni. Msiwasomee pamoja, maana mmoja atanyamaza kwa kumheshimu mwingine.

Kusoma

Chapeni kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi. Itatoka kurasa nne. Kila ukurasa uishie kwenye nukta, sentensi isikatike katikati wakati msomaji anageuza huku mkono unatetemeka. Namba ya ukurasa iwekwe juu kulia kwa herufi kubwa, na kurasa zisipigwe pini. Nakala ya pili akae nayo mtu mwingine mstari wa mbele, aendeleze msomaji akizidiwa na kilio. Msomaji wa simu huumbuka: kioo kinazima, kwenye jua la saa 7 hakisomeki, na simu inaita.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili wekeni kurasa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Majina ya ukoo na ya vijiji yasomwe kwa sauti mara tatu kabla ya siku yenyewe. Kipaza sauti kikae upana wa kiganja kutoka mdomoni, na jenereta iwe nyuma ya nyumba, mbali na turubai.

Watani wataingilia. Watapiga kelele kwamba marehemu alikuwa mchoyo, au kwamba treni zake zilichelewa. Msomaji anyamaze, awaache wamalize, aendelee pale alipoishia. Hiyo ni haki yao, na mzee mwenyewe angeshangaa wasipofanya hivyo.

Kijitabu cha arobaini

Baada ya mazishi mambo yakitulia, wasifu unaweza kurefushwa mpaka maneno 1,000 na kuwa kijitabu cha kurasa nane. Karatasi mbili za A4, zilizochapwa pande zote na kukunjwa katikati, zinatoa kurasa nane za A5: jalada, ukurasa wa nyuma wa shukrani, kurasa mbili za picha na nne za maandishi. Mpangilio wa kuchapa ndio huwachanganya watu wa steshenari. Karatasi ya kwanza ina ukurasa wa 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili. Karatasi ya pili ina 6 na 3, kisha 4 na 5. Ziada ya ukurasa mmoja haiwezekani. Lazima idadi igawanyike kwa nne. Nakala 100 zinatumia karatasi 200, chini ya nusu rimu. Pini mbili zipigwe kwenye mkunjo. Lakini chapeni nakala moja kwanza, mkunje, msome yote, ndipo muagize zilizobaki.

Picha za zamani zilizogandia kwenye albamu msizivute. Pigeni picha zikiwa palepale, mmeinua plastiki, kwenye kivuli cha baraza mchana, bila taa ya simu, simu ikiwa sambamba na karatasi. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli kama 1,200 kwa upana ili isitoke na ukungu. Zikitumwa WhatsApp zitumwe kama dokumenti. Zikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora. Chini ya kila picha andikeni nani, wapi, mwaka, kutoka kushoto kwenda kulia, na fanyeni hivyo wakati wazee wanaowatambua wale vijana waliosimama mbele ya injini bado wapo.

Kwa anayejengea kaburi, maandishi ya bamba yapelekwe kwa fundi yakiwa yamechapwa kwa herufi kubwa, na siyo kwa kutajwa kwenye simu. Msimamizi wa familia aweke sahihi kwenye nakala hiyo. Kama ni bamba la saruji, awepo mtu wa kusoma kabla saruji haijakauka.

Vyeti, shajara na rekodi za sauti virudi kwenye faili moja, lenye orodha ya vilivyomo imebandikwa ndani ya jalada. Faili likae juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta na mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa. Nakala za picha za vyote hivyo zikae kwa watoto wawili wanaoishi miji tofauti.